Rekodi za Spektra: Kutoka Jiko la Mkaa la Picha ya Ndege hadi Jukwaa la Malindi

Tafuta CD kuukuu, ile iliyokwaruzika hadi deki imeikataa. Subiri giza liingie, kisha simama kando ya Barabara ya Morogoro pale Picha ya Ndege, Kibaha, mahali penye jiko la mahindi ya kuchoma na duka lenye taa ya enajisava. Vyote viwili havikosekani. Geuza upande wa CD unaong'aa uelekee kwenye makaa, uinamishe kidogo kidogo mpaka mwanga ukujie jichoni ukiwa umesambaa. Utaona nyekundu nyingi, chungwa, manjano, na kijani kiduchu, rangi zote zimeshikana bila mwanya. Sasa hamishia CD kwenye taa ya duka. Hapo rangi zimekatika: taa inaonekana mara kadhaa, moja ya buluu, moja ya kijani, moja nyekundu, na katikati yake giza au karibu na giza.

Kazi hiyo inafanywa na mifereji ya CD iliyopangwa umbali wa mikromita 1.6, yaani mistari 625 katika kila milimita moja. Ulichokiona kwenye makaa kinaitwa spektra mfululizo. Cha kwenye taa ni spektra ya vipande. Ndani ya enajisava mna mvuke wa zebaki ambao atomi zake zimeachana, na kila atomi inazishikilia elektroni zake. Elektroni iliyoshikiliwa haikai popote ipendapo. Ina viwango vyake vya nishati, na ikishuka kutoka kimoja hadi kingine hutoa rangi moja tu, haikosei. Unga uliopakwa ndani ya kioo nao huongeza vipande vyake, hasa ile nyekundu. Kwenye mkaa atomi zimebanana mno, viwango vyao vimesukumana na kuungana mpaka hakuna pengo. Kwa ufupi: kilichofungiwa huhesabika, kilicho huru hutiririka. Kanuni hiyo ina vighairi, na baadhi ya vighairi ndivyo vinavyoshika rekodi.

Chumvi kidogo kuliko zote

Ukiwa bado jikoni kwa muuza mahindi, mwombe punje za chumvi uzinyunyize kwenye ulimi wa moto. Moto utageuka manjano ghafla. Hiyo ni sodiamu, mistari miwili iliyokaribiana sana, nanomita 589.0 na 589.6. Ni rangi ileile ya taa za barabarani za zamani, pale zilipobaki.

Mwaka 1860 huko Heidelberg, Ujerumani, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walilipua miligramu 3 za chumvi ya sodiamu kwenye kona ya chumba kikubwa, wakakaa kona ya pili wakiangalia moto wa gesi kupitia prizimu yao. Baada ya dakika chache mstari wa manjano ukatokea. Walipopiga hesabu ya hewa yote ya chumba, wakaona wameweza kutambua sodiamu iliyo chini ya sehemu moja ya milioni tatu ya miligramu. Hakuna mizani ya wakati ule iliyosogelea hapo. Mwaka huohuo, katika maji ya madini, waliona mistari miwili ya buluu isiyomilikiwa na elementi yoyote iliyojulikana. Wakaipa elementi hiyo jina la kaisiamu. Tangu 1967 sekunde yenyewe inapimwa kwa kaisiamu: mitetemo 9,192,631,770 ya mpito mmoja wa atomi hiyo. Simu ya bodaboda inayotafuta abiria kwa GPS pale stendi inategemea saa za namna hiyo zinazozunguka angani.

Mistari mingi kuliko yote, kwenye nafasi finyu

Nani aliyeweka utaratibu wa kwanza katika mistari hii? Mwalimu wa shule. Johann Balmer alikuwa anafundisha shule ya wasichana Basel, Uswisi, ana miaka 60, hajawahi kuvuma kwa fizikia, pale mwaka 1885 alipochukua namba nne tu za haidrojeni, nanomita 656.3, 486.1, 434.0 na 410.2, akapata fomula moja inayozizaa zote. Kwa nini fomula ilikubali, hakujua. Niels Bohr alilieleza jambo hilo mwaka 1913. Wanafunzi wa kidato cha sita pale Shule ya Sekondari Kibaha, chini ya Shirika la Elimu Kibaha, wanaikokotoa fomula hiyo kwa mazoea, na nadhani wengi wanaipita haraka bila kuona ajabu iliyomo.

Ajabu ni hii. Mistari ya Balmer haiachani kwa hatua sawa. Kadiri unavyoelekea urujuani inazidi kusogeleana, kisha inasongamana kuelekea nanomita 364.6, na kabla ya kufika hapo idadi yake haina kikomo. Ukivuka hapo mistari imekwisha na spektra mfululizo imeanza, kwa sababu ng'ambo hiyo elektroni imeng'oka, haimilikiwi tena na kiini. Atomi moja, nyepesi kuliko zote, imebeba aina zote mbili za spektra, na mpaka kati yake unaonekana.

Angani, ambako atomi hazibughudhiwi, elektroni huweza kuishi karibu kabisa na mpaka huo bila kuuvuka. Mwaka 2007 wanasayansi wa Ukraine, kwa darubini ya redio iitwayo UTR-2, walieleza mistari ya atomi za kaboni kuelekea masalia ya nyota ya Cassiopeia A ambazo elektroni yake ilikuwa kwenye kiwango cha zaidi ya 1,000. Kipenyo cha atomi ya namna hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Atomi yenye unene wa karatasi! Hizo ndizo kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana.

Na mpito mmoja wa haidrojeni ndio uliopimwa kwa usahihi wa kutisha: mwaka 2011 maabara ya Garching, Ujerumani, ilichapisha masafa yake kuwa hezi 2,466,061,413,187,035, shaka ikiwa hezi 10 tu. Saa yenye usahihi huo ingekosea sekunde moja baada ya miaka zaidi ya milioni 7.

Ngoma isiyojulikana umbo

Si elektroni peke yake inayohesabika ikifungwa; ngozi ya ngoma nayo ni hivyo. Tuvuke upande wa Kisarawe, kwenye nchi ya Wazaramo, jioni ya mdundiko. Kabla watu hawajaanza kufuata ngoma mtaani, wapigaji huwasha makuti makavu au maboksi, wakaelekeza ngozi kwenye moto, wakagonga kwa vidole, wakasikiliza, wakarudisha tena. Unyevu wa Pwani umeilegeza ngozi na joto linaikaza. Sauti inapanda.

Ngozi iliyowambwa na kubanwa ukingoni pande zote haiwezi kutetema kwa masafa yoyote. Ina orodha yake. Ikiwa sauti ya chini kabisa ni hezi 100, zinazofuata kwa ngozi ya duara iliyowambwa sawasawa ni takriban 159, 214, 230, 265. Linganisha na uzi uliofungwa ncha mbili, kama zile nyuzi zaidi ya 70 za ala iitwayo kanuni zinazosikika Nadi Ikhwani Safaa, klabu kongwe kuliko zote za taarabu Zanzibar, iliyoanza 1905: hezi 100, 200, 300, 400. Uzi unapanda kwa hatua sawa, na sikio huzisikia zote kama noti moja. Masafa ya ngozi hayalingani, ndiyo maana ngoma inavuma badala ya kuimba. Moto wa makuti hubadilisha namba zote kwa pamoja, lakini uwiano kati yake unabaki uleule. Uwiano huo unatokana na umbo la ngoma, na moto haubadilishi umbo.

Hapo ndipo wanahisabati walipoingia. Mwaka 1911 Hermann Weyl alithibitisha kwamba mtu akipewa orodha yote ya masafa, anaweza kujua eneo la ngozi bila kuiona. Mwaka 1966 Mark Kac, Mpoland aliyehamia Marekani, akauliza swali kubwa zaidi katika makala iliyokuja kupata umaarufu: je, anaweza kujua na umbo? Swali lilikaa miaka 26. Mwaka 1992 Carolyn Gordon, David Webb na Scott Wolpert walijibu hapana, kwa kuchora maumbo mawili yenye kona nane kila moja, tofauti kabisa kwa macho, lakini orodha zake za masafa zinafanana namba kwa namba. Mpiga ngoma kipofu angeziita ngoma moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo rekodi ya hapana nzuri kuliko zote katika hisabati, maana jibu lake unaweza kulikata kwa mkasi kwenye karatasi.

Ngoma kubwa kuliko zote

Kubwa kuliko zote inazunguka dunia nzima. Ngozi yake ya chini ni uso wa ardhi, ya juu ni tabaka la hewa lenye chaji za umeme, na mawimbi ya redio yanayonaswa katikati huwa na orodha yake ya masafa kama ngoma nyingine yoyote: karibu hezi 7.8, 14.3, 20.8 na kuendelea. Winfried Schumann, Mjerumani, alitabiri jambo hilo mwaka 1952, na vipimo vya mwaka 1960 vikalithibitisha. Mwanga huzunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde. Hiyo hezi 7.8 haikutokea bure.

Anayeipiga ni radi. Kwa hesabu zilizochapishwa mwaka 2016 kutokana na satelaiti, mahali panapopigwa na radi nyingi kuliko pote duniani ni Ziwa Maracaibo, Venezuela, karibu mara 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Pa pili ni Kabare, Kivu Kusini, mara 205. Afrika ndiyo bara lenye sehemu nyingi zaidi katika orodha ile. Alasiri mawingu yanapojaa juu ya milima ya mashariki ya Kongo, antena iliyozikwa upande wa pili wa dunia inaona hezi 7.8 ikipanda nguvu. Wapo wauzaji wa vidude mtandaoni wanaodai masafa haya yanaponya maradhi. Yanachofanya kwa hakika ni kuwasaidia wanasayansi kufuatilia radi za dunia nzima wakiwa na antena chache.

Elementi ya kwanza kugunduliwa nje ya dunia

Agosti 18, 1868 jua lilipatwa, na huko Guntur, India, Jules Janssen alielekeza spektroskopu yake ukingoni mwa jua. Palikuwa na mstari wa manjano. Oktoba 20 ya mwaka uleule, Norman Lockyer aliuona akiwa Uingereza bila kusubiri jua kupatwa. Watu walidhani ni sodiamu, lakini ulikaa kwenye nanomita 587.6, pembeni kidogo ya ile miwili ya chumvi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo heliamu. Ilichukua miaka 27 hadi William Ramsay alipoipata ndani ya jiwe, mwaka 1895.

Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba Bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. Makadirio yao ya eneo moja yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Miamba ya kale ya katikati ya Tanzania imekuwa ikiizalisha kwa muda mrefu sana, uraniamu na thoriamu zikichakaa taratibu, na joto la volkano za Bonde la Ufa likaja kuifungulia. Heliamu inashikilia rekodi nyingine: hakuna kitu kinachochemka kwenye baridi kali kama yake, nyuzi 269 chini ya sifuri. Ndiyo maana mashine za MRI haziachani nayo.

Mfululizo uliokamilika

Januari 1990, kwenye mkutano wa wanaastronomia wa Marekani, John Mather aliweka ukutani grafu ya satelaiti ya COBE, iliyorushwa Novemba iliyotangulia. Ilikuwa na dakika tisa tu za vipimo. Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Nukta zilikaa juu ya mstari wa nadharia bila kuchepuka: mwanga uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, sasa umepoa hadi kelvini 2.725, ni spektra mfululizo isiyo na doa. Kati ya vyote vilivyopimwa katika maumbile hakuna kilichoifuata kanuni ya joto kwa ukamilifu huo.

Waliokuwa na TV za zamani wameshauona. Zile chenga zilizojaa kwenye kioo kituo kikizima mitambo, kama asilimia moja yake ilitoka kwenye mwanga huo. Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki kuanza kuzima analojia, Dar es Salaam ikitangulia usiku wa Desemba 31, 2012. King'amuzi hakionyeshi chenga. Kikikosa mawimbi picha hukwama vipande vipande au hupotea kabisa. Mfumo wa DVB-T2 unaotumika nchi nyingi za Afrika unaweza kuipasua chaneli moja yenye upana wa megahezi 8 kuwa mawimbi madogo zaidi ya 27,000, kila moja kwenye masafa yake, yasigombane. Mhandisi amelitwaa eneo lililokuwa mfululizo akalihesabu mwenyewe.

Isiyo huku wala kule

Kwa ugeni inaongoza spektra ya elektroni iliyo kwenye fuwele ndani ya uga wa sumaku. Douglas Hofstadter aliichora mwaka 1976, ikatoka kama kipepeo. Kwa viwango vingi vya nguvu ya sumaku picha hiyo haina mistari inayohesabika, wala haina sehemu hata ndogo iliyo mfululizo. Ni vumbi: ukivuta karibu unakuta mapengo, ndani ya kilichobaki mapengo mengine, na haikomi. Yuleyule Mark Kac wa ngoma aliahidi glasi kumi za martini kwa atakayethibitisha kuwa mambo yako hivyo daima. Artur Avila na Svetlana Jitomirskaya walichapisha uthibitisho kamili mwaka 2009. Kac alikuwa amefariki tangu 1984.

Zote mbili, kutoka pwani moja

Rekodi ninayoipa nafasi ya juu haina namba kubwa. Ni ya mahali.

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, roketi aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, chuma kilichosimama baharini upande wa kaskazini wa Malindi, mali ya mradi wa Waitaliano. Walichagua pale kwa sababu ya ikweta: dunia inazunguka kwa kasi zaidi katikati, na roketi hupewa msukumo wa bure. Ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake. Meneja wa mradi, Marjorie Townsend wa NASA, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji na siku yao.

Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Kabla yake vyanzo vya eksirei vilivyojulikana vilikuwa vichache, vimeokotwa na roketi zilizochungulia angani kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikusanya orodha ya 339. Ilichangia kumshawishi kila mtu kwamba Cygnus X-1 ni mahali pa kutafuta shimo jeusi, na kiongozi wake wa kisayansi, Riccardo Giacconi, alipata Nobel mwaka 2002. Ila jambo linalotuhusu hapa ni jingine. Uhuru iliona kwamba makundi makubwa ya galaksi, Perseus, Coma na Virgo, yanatoa eksirei ambazo hazitoki kwenye nukta moja. Zimeenea kundi zima.

Wataalamu wakagawanyika. Wengine walisema ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, elektroni zake zimeng'oka zote na kutoa mionzi kila zinapopita karibu na viini. Wengine wakasema hapana, ni chembe zenye kasi kubwa zinazousukuma ule mwanga wa kale. Vifaa vya wakati huo viliona spektra mfululizo tu, na nadharia zote mbili zinatoa spektra mfululizo. Huwezi kuamua kesi kwa ushahidi ambao pande zote mbili zinaukubali.

Oktoba 15, 1974 satelaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliruka kutoka jukwaa lilelile, kwa roketi ya aina ileile. Mwaka 1976 kikundi cha University College London, baada ya kuangalia Perseus, kilichapisha kitu kidogo kilichochomoza juu ya ule mtiririko karibu na kiloelektronivolti 6.7. Ulikuwa mstari wa chuma. Atomi ya chuma iliyonyang'anywa karibu elektroni zake zote inabaki na moja au mbili, na hizo, kwa kuwa bado zimefungwa, hutoa nishati yao maalumu. Chembe zenye kasi haziachi alama kama hiyo. Gesi ya moto inaiacha. Kesi ikaisha. Zaidi ya hapo, chuma hupikwa ndani ya nyota, kwa hiyo gesi ile ilikuwa imechanganyika na majivu ya nyota zilizolipuka zamani.

Mfululizo uliondoka Malindi, na kipande kilichoufafanua kikaondoka Malindi, kwa tofauti ya miaka minne. Hakuna pwani nyingine duniani yenye jozi hiyo, na bado nimekutana na wasomi wa Pwani hii waliopita Malindi mara nyingi bila kuambiwa. Roketi ya mwisho kutoka San Marco iliruka Machi 1988. Kituo cha nchi kavu, Ngomeni, sasa kinaitwa Luigi Broglio na bado kinawasiliana na satelaiti.

Mstari wenyewe haujaachwa. Mwaka 2016 satelaiti ya Japani, Hitomi, iliupima huko Perseus kwa ukali ambao Ariel 5 isingeuota, ikaona kwamba gesi ile inavurugika kwa kasi ya kilomita 164 kwa sekunde, kiasi kidogo kuliko wengi walivyotegemea. Haikumaliza wiki sita angani. Ilianza kuzunguka hovyo ikavunjika. Kifaa cha aina yake kiliwekwa kwenye XRISM, iliyorushwa Septemba 2023, nayo inaendelea kuusoma mstari huo wa chuma.